Shamba Lisilo na Kivuli

Siku Wilondja alipomwona Mama Bienfait kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amesimama ziwani, maji yamemfika magotini, amelikamata shati la mwenye boti kwenye ukosi. Alikuwa akifoka hata wanawake waliokuwa wakisugua sufuria ufukweni pale mjini Baraka waliziacha sufuria zao wakaja kusikiliza.

"Ondoa hiyo gunia ya chumvi! Ondoa sasa hivi! Unajua umekandamiza nini?"

"Mama, ni majani tu."

"Majani tu? Na we ni nyama tu! Mi nikukalie kichwa toka Uvira mpaka Baraka, tuone kama utafika muzima!"

Watu wakacheka. Mwenye boti, jitu la mabega mapana, akaliondoa gunia. Chini yake palikuwa na beseni la bati, na ndani ya beseni vijiti vya kijani vilivyofungwa kwa maganda ya mgomba, vitano vitano. Karibu nusu vilikuwa vimelala. Hapo kelele zikamwisha mwanamke. Akaanza kuvihesabu kwa kidole, akafika mwisho, akaanza upya, kama mama anayehesabu watoto wake baada ya risasi kunyamaza.

Ilikuwa Oktoba mwaka 1999, vita vya pili vya Kongo vikiwa vimetimiza mwaka na zaidi. Wilondja alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alikuja ufukweni kutafuta dagaa, hakuja kutafuta mtu. Shule yake iliishia darasa la nne mwaka 1964, paa la shule lilipochomwa na mwalimu akakimbilia milimani, na tangu hapo alikuwa mkulima wa muhogo na mtu wa kuongea na ardhi. Akisalimiwa, aliitikia akiangalia vidole vya miguu yake. Lakini siku ile aliingia majini, akaliinua beseni, akajitwika.

"We ni nani?"

Akajibu kwa sauti ambayo hata beseni halikuisikia.

"Nani?"

"Wilondja."

"Wilondja, usitingishe. Tembea kama umebeba mayai ya muntu mwingine."

Akatembea hivyo mpaka dispensari ndogo iliyo nyuma ya kanisa.

Dispensari ile ilikuwa imeibwa mara tatu. Mara ya kwanza wenye bunduki walichukua dawa. Mara ya pili, kwa kuwa dawa hazikuwapo, walichukua vitanda. Mara ya tatu walichukua milango. Muuguzi Jacques, ambaye watu wote walimwita daktari, alibaki na kiti kimoja, kipimajoto kimoja na ndevu zilizoanza kuwa nyeupe kabla ya wakati. Homa ya malaria iliua watu mchana kweupe, na sokoni viliuzwa vidonge vyeupe ambavyo hakuna aliyejua vimetoka wapi. Ukiuliza, uliambiwa: Nunua au acha.

Vijiti vya kwenye beseni vilikuwa miche ya artemizia, mmea ambao Mama Bienfait alifundishwa kuutunza Bukavu. Majani yake hukaushwa, huloweshwa katika maji ya moto, na mgonjwa hunywa siku saba. Haikumponya kila mtu, na yeye mwenyewe alisema hivyo kwa ukali kwa kila aliyekuja na tumaini kubwa mno. Lakini iliwaponya wengi waliokuwa hawana kitu kingine, mradi jani liwe na nguvu.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Pulchérie. Lile la Mama Bienfait alilichukua kwa mtoto wake. Wilondja alilitumia miezi mingi bila kuuliza mtoto yuko wapi, maana kuuliza si kazi aliyoiweza. Kusikiliza aliweza. Walipokuwa wakichimba pamoja mbele ya dispensari, mwanamke aliongea na yeye akasikiliza, na hivyo akajua kwamba baba yake alikuwa kibarua katika shamba la miti ya kinini, dawa ya zamani ya malaria, huko juu Bukavu, na kwamba yeye akiwa msichana alibandua magamba, yaani magome, ya miti hiyo.

"Kulikuwa miti ya bondeni," alisema, "ilishiba maji, magamba yake manene kama kiatu. Na kulikuwa miti ya juu, kwa upepo, magamba membamba. Sisi batoto tulikimbilia bondeni, gunia inajaa haraka. Siku moja muzungu wa kupima akaimwaga yote mbele yetu. Alisema ni kuni. Baba yangu alinipiga mpaka nikajua: uzito si dawa."

Wilondja alitikisa kichwa kukubali. Maneno yaliingia sikio moja, na lile jingine lilikuwa wazi.

Miche iliyopona ilishika mizizi. Mwezi wa kumi na moja Mama Bienfait akaitwa Kazimia, kusini kwa njia ya ziwa, apeleke vipandikizi huko nako. Kabla ya kupanda boti alimwachia Wilondja mabeseni mawili ya vipandikizi na amri fupi.

"Shamba la pili ni lako. Pahali peupe. Hatua moja toka muche mpaka muche, hatua moja toka mustari mpaka mustari. Umesikia?"

Wilondja akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na neno la kusema, akalimeza.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Siku hizo katika eneo lote la Fizi watu walikuwa wamejifunza kulima kwa kujificha. Aliyepanda mahindi peupe aliwavunia wenye bunduki. Kwa hiyo muhogo ulisimamishwa kando, mrefu na mzito kama ukuta, na katikati yake, gizani, ndipo walipoweka maharage, viazi, hata mbuzi. Na kwa kuwa kipande cha kujificha ni kidogo, kila kitu kilisongamanishwa. Mkulima hodari alikuwa yule ambaye ungepita mbele ya shamba lake ukaapa hapana shamba. Na Wilondja alikuwa hodari kuliko wote.

Mikono yake ikafanya yale iliyoyazoea. Vipandikizi vyote akavisimika ndani ya muhogo wake, shibiri moja moja.

Na vikamea! Vikitafuta mwanga, vilirefuka kupita kichwa cha mtu, laini, majani mapana ya kupendeza. Mapigano yalifunga njia, Mama Bienfait akakwama Kazimia hadi Februari, na Wilondja akavuna peke yake. Magunia kumi na moja. Shamba la mbele ya dispensari lilikuwa limetoa mawili tu, na yalikuwa yameshakwisha. Muuguzi Jacques alimkumbatia.

"Wilondja, we si mulimaji, we ni fabrike!" alisema, yaani kiwanda.

Usiku ule furaha ilimnyima usingizi. Constance, mke wake, alikuwa amelala na homa siku ya tano. Akamnywesha yeye wa kwanza. Siku saba alikunywa, siku ya nane akasimama, akapika sombe ya majani ya muhogo, akamtania mumewe kwamba sasa yeye ni mganga. Juma la pili likamwangusha tena, meno yakigongana, mikeka miwili juu yake na bado anasema baridi.

Mama Bienfait alirudi katika juma hilohilo. Alipita watu waliokuwa wakimsalimia, akaingia stoo, akafungua gunia. Akasugua majani viganjani, akanusa. Akafungua la pili. Akanusa. Harufu ya jani zuri la artemizia humkamata mtu puani kama tusi. Hili lilinuka majani makavu.

"Ulipanda wapi?"

Wilondja akaangalia chini.

"Mi nauliza vidole vyako vya miguu? Ulipanda wapi?"

"Ndani ya muhogo."

"Kwa nini?"

"Basoda," alisema, yaani askari. "Wangeona."

"Uliificha basoda wasiione, na jua nalo halikuiona! Hii ni chakula ya ng'ombe!"

Jacques akajaribu kuzima moto. "Lakini Mama, gunia kumi na moja..."

"Docteur, ukitia maji ndani ya pombe, pombe inakuwa mingi. Inalevya?"

Kisha mwanamke akamgeukia Wilondja, na sauti yake ikashuka, na ile ya chini ilikuwa mbaya kuliko ile ya juu.

"Bienfait yangu alikunywa vidonge kumi na mbili, kule Uvira. Vilikuwa chaki. Alikuwa na miaka sita. Yule aliniuzia alikuwa na sura ya upole kama yako. Alisema, Mama, hii ni kinini ya kweli. Pengine hata yeye hakujua. Lakini mutoto alikufa namna moja tu, muuzaji ajue ao asijue." Akalipiga gunia teke. "Matatu yameshanywewa. Hii nane, katandaze chini ya migomba. Leo."

Wilondja aliyabeba magunia yale manane, moja moja, lakini hayakufika migombani. Aliyapanga nyuma ya nyumba yake, akayafunika kwa makuti. Hakuwa na mpango wowote. Alishindwa tu kumwaga kazi ya mikono yake, na alishindwa pia kumwambia kwamba ameshindwa.

Machi walianza upya. Uwanda wa kando ya mto Mutambala, pembeni ya barabara, bila hata mti mmoja. Mama Bienfait alitembea mbele akipima kwa hatua, na pale mguu ulipokanyaga, Wilondja alichimba. Mstari wa mwisho tu, pembeni ya mto, aliupanda peke yake. Miche mama ilikuwa michache. Kila tawi lilikuwa ama kipandikizi ama dawa, haliwezi kuwa vyote. Kutoka miche hiyo Mama Bienfait alikata konzi moja la majani, akampelekea Constance mwenyewe, akamnywesha mwenyewe.

"Hii itakushika tu," alimwambia. "Haitoshi. Ungoje Juni."

Constance alibaki mifupa na macho. Homa ilimwacha majuma mawili, ikarudi, ikamwacha, ikarudi. Kila asubuhi Wilondja alikwenda mtoni kuangalia miche. Ilikuwa mifupi kuliko ile ya muhogoni, imetanua matawi pande zote kama mtu aliyeshika kiuno, majani madogo madogo, na mwezi wa Mei harufu yake ilikuwa inafika barabarani. Hilo lilimfurahisha na kumtia hofu, maana askari nao walipita njia hiyo.

"Bado," Mama Bienfait alimwambia kila siku. "Ngoja maua yafunge kama punje za ulezi, yasifunguke bado. Ukikata mbele, dawa haijaingia. Ukichelewa, imetoka."

Zilikuwa zimebaki siku kumi askari walipokuja. Walikuwa saba, mchana, wakitoka kambi yao iliyokuwa kilimani juu ya mji. Komanda wao akasimama mbele ya shamba, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Munalima bangi mbele ya macho yangu?"

Mama Bienfait alichuma jani, akamnyooshea. "Kula."

Akalitia kinywani. Uso ukamkunjamana, akatema, akatema tena, na askari waliokuwa nyuma yake wakageuka kukohoa ili asione wanacheka.

"Ni dawa ya malaria," alisema mwanamke. "Bangi ingekuwa tamu."

Komanda akapangusa ndevu. Kicheko kilikwisha. Nusu ya watu wake walikuwa wamelala na homa, na kila mtu Baraka alijua. "Kata yote. Leo."

"Siku kumi. Ukikata leo unabeba kuni."

"Mi naomba? Mi nasema kata."

Askari mmoja akatoa panga. Miche miwili ya mwanzo ikaanguka. Mama Bienfait alikwenda akasimama mbele ya wa tatu, mikono imetanuka, akaanza kumtukana yule askari, mama yake na panga lake. Wilondja aliona bunduki ikiinuliwa. Akilini aliona midomo ya Constance iliyopasuka. Kisha akasikia sauti ya mtu ikisema kwa nguvu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye.

"Komanda! Iko ingine! Imekauka tayari. Gunia munane."

Wote wakamgeukia. Mama Bienfait naye akageuka, kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boti, hakusema kitu.

Walimfuata nyuma ya nyumba. Komanda akafungua gunia, akatia mkono, akaona majani mapana. Akaliinua apime uzito, akaridhika, akaamuru yote manane yabebwe.

"Hii ndiyo dawa. Ile yenu ya barabarani ni vijiti."

Wilondja aliangalia vidole vya miguu yake. Mwezi wa pili yeye mwenyewe alikuwa amewaza karibu maneno hayohayo.

Siku kumi Mama Bienfait hakumsemesha. Walipalilia bega kwa bega, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko matusi yote aliyompa. Mwanamke naye alikuwa amenyamaza pale shambani, na Wilondja alijua kwamba hilo ndilo lililokuwa likimla.

Siku ya kumi maua yalifunga kama ulezi. Wakakata asubuhi, umande ulipokwisha, wakaacha mstari wa pembeni ya mto kwa ajili ya vipandikizi. Wakatandaza majani kwenye mikeka ndani ya dispensari, kivulini, maana mmea huu ukiwa hai unataka jua, na ukishakatwa jua linauibia dawa. Yakatoka magunia mawili na nusu. Ukifungua moja, macho yalitoa machozi.

Constance alikunywa. Siku ya nane aliomba samaki. Juma la pili lililomwangusha mara zote likapita. La tatu likapita. Akaanza kufagia uwanja, akaanza kugombana na jirani juu ya kuku, na Wilondja alisimama nyuma ya nyumba akalia kimya kimya, akisikiliza ugomvi ule kama wimbo wa kanisani.

Katika juma hilohilo mwanamke aliyeuza mawese kambini alishuka na habari. Askari watatu walikuwa wamekufa, vijana wadogo. Walikunywa dawa ya Baraka siku saba, wakasimama, wakafurahi, wakaanguka. Wengine kumi walikuwa chini.

Mama Bienfait alisikiliza hadi mwisho. Akaingia stoo, akapakia majani kwenye kikapu, akayashindilia kwa kikwembe chake cha kujifunga. Jacques akasema ni wazimu kwenda kambini. Wilondja, mtu asiyezuia hata mbuzi, akasimama mlangoni palipokuwa na mlango zamani.

"Mama Bienfait, watakuua. Ni basoda. Walituibia."

"Walituibia. Walibeba hata milango. Mi siko kipofu! Mi nawachukia kuliko we!" Sauti ilikuwa imerudi yote. "Lakini walikuwa bagonjwa, na walipewa chaki. We ulitoa, mi nilinyamaza. Nilisimama pale nikaacha muntu anabeba chaki anaiita dawa!"

"Nilikuwa naokoa Constance."

"Najua. Ndiyo maana bado naongea na we. Pita."

Wilondja akampisha.

Kitu gani kilitokea kilimani, hakuna aliyekijua vizuri. Muuza mawese alisema alimwona siku tatu mfululizo, akiwanywesha wagonjwa kwa kikombe, akimfokea komanda kwamba maji hayajachemka. Kisha kambi ikahamishwa asubuhi moja, watu na mizigo, kuelekea milima ya juu. Wengine walisema mwanamke mwenye kikapu alionekana Bibokoboko, huko milimani, amechelewa nyuma ya msafara, anagombana na mtu. Wengine walisema alikata njia akashukia ziwani, akavuka hadi kambi za wakimbizi upande wa Kigoma. Hakuna aliyeleta hata kipande cha kikwembe chake. Komanda hakurudi kuuliza juu ya magunia yake, na shamba la mtoni halikuchomwa.

Wilondja alilima hapo miaka yote ya vita iliyobaki. Alipanda peupe, hatua moja. Mara mbili wenye bunduki walikata kila kitu, na mara mbili alipanda tena, peupe, hasira imemkaa mikononi mahali aibu ilipokuwa. Waliokuja kujifunza kwake walishangaa mtu mpole vile anavyofoka kwa ajili ya shibiri moja ya nafasi.

Lakini asubuhi ile ya kikapu alikuwa bado hajui lolote la hayo. Alimfuata Mama Bienfait hadi mwisho wa shamba, njia inapoanza kupanda. Alitaka kusema samahani. Mwanamke akaweka kikapu sawa kichwani, akaangalia nyuma yake ule mstari uliobaki pembeni ya mto.

"Ule mustari umeusonganisha tena," alisema. "Niliuona toka Aprili, nikakungoja uuone mwenyewe. Ng'oa moja, acha moja. Leo, si kesho. Na acha kunitazama hivyo, Wilondja, mi siko boti inaondoka."